Wapiga picha za harusi, tuongelee kuchambua na kuediti RAW bila kukesha

mzee_wa_shata (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Msimu wa harusi ndo huo umeshachanganya, kila Jumamosi kazi, wengine na Ijumaa mna sendoff, na najua wengi humu mnalala saa tisa usiku mnahangaika na mafolda, Jumatatu asubuhi mteja anapiga "picha zetu vipi" na wewe hata kuchagua hujamaliza. Kila nikikaa na vijana wa kazi nasikia lawama zote zinaenda kwa laptopi, eti nzito, eti RAM ndogo, eti akinunua Mac mambo yataisha. Mimi msimamo wangu ni kwamba laptopi ina kesi ndogo tu hapo. Kesi kubwa ni mtu kuediti wakati hajachagua. Anafungua picha ya kwanza, anaipenda, anaanza kuvuta slaida, dakika nane hizo zimeenda, anaruka ya pili kumbe ni pozi lile lile ila bibi harusi katabasamu vizuri zaidi, anaanza upya. Kwa mtindo huo hata upewe kompyuta ya NASA utakesha tu.

Tuchukue harusi ya kawaida ya Dar, maandalizi nyumbani, kanisani au msikitini, picha za nje, halafu ukumbini mpaka usiku. Ukiwa na kamera mbili unarudi na picha 2,000 kirahisi. Kamera ya megapikseli 24, RAW (faili ghafi la kamera, kabla halijapikwa kuwa JPEG) iliyobanwa ni kama MB 25 mpaka 30 kwa picha, kwahiyo umebeba GB 56 hivi. Mteja utampa 400 au 500, kwenye albamu wataingiza 80. Yaani sehemu kubwa ya ulichopiga ni cha kuacha, na ukifika nyumbani kazi yako ya kwanza ni kuacha.

Kushusha picha. Kitu kidogo lakini kinakula usiku wa watu. Kadi rida nyingi za bei chee pale Kariakoo ni USB 2.0, ukibahatika inakupa MB 35 kwa sekunde, GB 56 hapo ni karibu nusu saa umekaa unaangalia mstari unajaa. Chukua rida ya USB 3.0 na kadi ya UHS-I (daraja la kasi la kadi za SD) inayoeleweka, unamaliza kwa dakika kumi hivi. Kumbuka UHS-I kwa rida ya kawaida haivuki MB 104 kwa sekunde hata kama kwenye lebo wameandika 200, hizo namba kubwa zinataka rida yake maalum. Shusha sehemu mbili kwa mpigo, SSD ya kazi na diski ya akiba, na kadi haifutwi mpaka ufungue folda zote mbili na idadi ya faili iwe sawa. Jina la folda lianze na mwaka, mwezi, siku, mfano 20250614_harusi_Tegeta, zitajipanga zenyewe, yale mambo ya "HARUSI MPYA FINAL 2" achaneni nayo.

Sasa kuchambua, ndo kiini cha uzi. Lightroom Classic, ile programu ya Adobe ya kuediti, ukifungua RAW inaijenga picha upya kutoka data ya sensa, ndo pale unaona picha imekaa kama ina ukungu halafu ghafla inakaa sawa. Ikichelewa sekunde 3 tu kwa kila picha, kwa picha 2,000 hiyo ni saa 1 na dakika 40 za kusubiri, hujaamua chochote bado. Ambacho watu wengi hawajui, ndani ya kila faili la RAW kamera imeshaweka JPEG yake, ile ile unayoiona nyuma ya kamera ukibonyeza plei. Programu nyingi za kuchambua zinakuonesha hiyo JPEG, RAW yenyewe haziigusi, ndo maana ukibonyeza mshale picha inaruka papo hapo hata kwenye i5 ya zamani.

Photo Mechanic ndo wapiga picha wa magazeti na wa mpira wameishikilia miaka yote kwa sababu hiyo hiyo, ila ya kulipia. FastRawViewer bei yake ndogo na ina faida moja, histogramu yake (grafu ya mwanga wa picha) inasoma RAW yenyewe, kwahiyo unajua shela imeungua kweli, yaani mwanga umezidi, au ni JPEG ya kamera tu inakutisha. Adobe Bridge ni bure ukiwa na akaunti, we nenda weka ile mipangilio ya "Prefer Embedded" iwe nyepesi. XnView MP ni bure kwa matumizi binafsi, biashara wanataka leseni. Na kama hutaki kabisa kutoka Lightroom, basi wakati wa kuingiza picha pale kwenye previuu chagua "Embedded & Sidecar", haifikii hizo nyingine ila nafuu unaiona.

Mwendo wenyewe ni huu. Raundi ya kwanza swali moja tu, inabaki au inatoka, ikibaki unaipa nyota moja na unaruka mbele. Hakuna nyota tatu, hakuna rangi ya njano "nitaiangalia baadae", hiyo njano ndo inawaua watu. Mfano maharusi wanalishana keki una fremu 14. Usianze ya kwanza, anza ya mwisho urudi nyuma, maana mpiga picha kwa kawaida anaacha kubonyeza akishaona amepata, kwahiyo nzuri mara nyingi iko mwishoni mwishoni. Angalia macho ya maharusi, halafu mkono wa MC na maiki yake umeingia au haujaingia, halafu nyuma pale meza kuu nani anatafuna. Imepita? Nyota, ondoka, zile 13 usizifikirie tena. Kuzoom mpaka asilimia 100 ni pale tu fremu mbili zinagombana na unataka kujua ipi fokasi imekaa kwenye jicho. Nyota ukizipiga kwenye Bridge au Photo Mechanic zinaandikwa kwenye XMP (maelezo yanayokaa na picha), Lightroom inazisoma yenyewe ukiingiza, kwahiyo unaingiza zilizobaki tu na katalogi yako (daftari la Lightroom la picha na marekebisho) inapumua.

Kuediti. Panga kwa nuru, usipange kwa tukio. Harusi nzima ina nuru kama sita saba hivi, dirisha la chumba cha kujipamba, kanisani na zile taa za njano zimechanganyika na mwanga wa mlangoni, nje jua la saa kumi, kivuli cha mti, ukumbini kwa flashi, ukumbini bila flashi. Kila nuru chagua picha mama moja, ikae sawa kabisa, joto la rangi, mwanga, rangi ya ngozi, halafu kopi kwa ndugu zake wote, ondoa tiki ya kropu kabla hujapesti. Kama ulikuwa unapiga kwa mwanga wa kujiseti wenyewe na picha zinapanda na kushuka, kuna kitu kinaitwa "Match Total Exposures" kwenye Develop, kinasoma ISO, shata na tundu la lenzi halafu kinasawazisha mwanga wa picha zote ulizochagua zifanane na ile mama. Watu wana Lightroom miaka na hawajawahi kukigusa. Baada ya hapo unapita moja moja kurekebisha mwanga kidogo na kropu, sekunde chache kila moja. Kusafisha ngozi na kuondoa waya za spika ni kwa zile za albamu tu.

Karibuni, mwenye njia yake atiririke.


kijana_wa_lenzi

Naweka kambi hapa mkuu. Hii ya kuanza fremu ya mwisho sijawahi kuifikiria aisee.


Bwana Kamera

Mimi nawashangaa sana nyie wazee wa RAW. Mimi napiga JPEG, kamera imeshaseti rangi, nikifika nyumbani nachagua naprinti, Jumapili mchana mteja ana picha zake. Bibi harusi hajui RAW ni nini, anataka apendeze bas. GB 56 za nini jamani.


mzee_wa_shata

Bwana Kamera hoja yako inaeleweka na kwa kazi za mchana, mahafali, paspoti, vipaimara, hata mimi napiga JPEG. Ila harusi ngoja nikuulize, bwana harusi mweusi wa suti nyeusi kasimama na shela nyeupe saa nane mchana mlangoni mwa kanisa, JPEG yako unaseti kwa ajili ya nani? Ukimfuata bwana harusi shela inakuwa karatasi, ukifuata shela bwana harusi anabaki meno. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, JPEG ina biti 8, ngazi 256. Nikiiseti shela isiungue, uso wa bwana harusi naunyanyua kwenye RAW na ngozi inabaki ngozi, JPEG ukiinyanyua hivyo unapata mabaka mabaka. Na ukumbini taa ikibadilika ghafla kutoka njano kwenda bluu, kwenye RAW joto la rangi ni namba tu unaibadilisha, kwenye JPEG imeshapikwa humo humo.

Ila nakubaliana na wewe kitu kimoja, anayepiga RAW halafu hana mpangilio wa kuichambua bora apige JPEG, atalala.


mchele_wa_kyela

Wakuu tuwe wakweli, Lightroom wengi humu ni ya kukraki, na kulipia kila mwezi kwa dola kadi nyingine zinagoma. Mimi niliachana na habari za kukraki baada ya kuona mashine za washkaji zinaingia virusi moja baada ya nyingine, sasa hivi natumia darktable, bure kabisa, inakaa Windows, Linux na Mac. Kuichambulia picha nayo sio mbaya, kwenye lighttable (ukurasa wake wa kupanga picha) unabonyeza namba kuweka nyota na R kukataa, ukishaediti picha mama unatengeneza staili yako unaimwaga kwa zote. Nayo inaandika XMP pembeni ya kila picha kwahiyo hata katalogi ikifa marekebisho yapo.

Ubaya wake nisiwafiche, wiki za mwanzo utalia, ina moduli kibao na majina yake sio ya Lightroom, na kama kadi yako ya michoro haikubali OpenCL (njia ya programu kutumia nguvu ya kadi hiyo) inakuwa nzito kama gunia. Kuna RawTherapee pia, rangi zake tamu, ila kwa kazi ya picha 500 kwa mpigo mimi naona darktable inanifaa zaidi.


mzee_wa_shata

Shukrani mkuu, hii ni muhimu. Na hapo kwenye XMP watu wa Lightroom nao wasikie, Lightroom kwa kawaida marekebisho yote inayaweka ndani ya katalogi, lile faili la .lrcat, ikiharibika na huna bakapu kazi yako yote ya wiki imekwenda, RAW zitabaki mbichi kama zilivyotoka kwenye kamera. Nenda kwenye mipangilio ya katalogi uweke tiki iandike XMP yenyewe, au ukimaliza kazi chagua zote Ctrl+S.


mtu_wa_Morogoro

Mimi shida yangu iko tofauti kidogo. Tunapiga wawili, mimi na dogo, tukifika nyumbani nikizichanganya folda moja nikapanga kwa muda, picha zinachanganyikana kiajabu, bibi harusi anaingia ukumbini halafu picha inayofuata yuko saluni anapakwa wanja. Inabidi nichambue folda mbili tofauti, kazi mara mbili. Mnafanyaje?


mzee_wa_shata

Saa za kamera mkuu. Angalia picha ya tukio moja mliyopiga wote, mfano pete inaingia kidoleni, soma muda wa kila kamera. Nakuwekea dau tofauti ni saa 6 kamili na dakika chache. Vijana wengi wakiseti kamera wanaweka saa kama wanavyoisema, saa tatu asubuhi anaandika 3:00 badala ya 9:00, na kwenye kamera ya saa 24 hiyo ni saa tisa alfajiri. Wengine AM na PM ndo zimegeuka, hapo tofauti ni 12 na tarehe nayo inaruka.

Dawa yake, Lightroom chagua picha zote za kamera ya dogo, nenda Metadata, "Edit Capture Time", uisogeze kwa tofauti uliyoiona, zote zinahama pamoja. Nje ya Lightroom kuna exiftool, bure, unaiandikia mstari mmoja inasogeza folda nzima. Fanya hivyo kabla hujaanza kuchambua, ukishapanga vizuri unaona tukio moja kwa macho ya kamera mbili na unachagua lililo bora, ndo faida ya kupiga wawili. Na siku ya kazi kabla hamjatoka nyumbani simameni wote mpige picha ya skrini ya simu yenye saa, sekunde zikionekana, hata mkisahau kuseti una pa kuanzia.


mtu_wa_Morogoro

Aisee nimeenda kucheki sasa hivi. Saa 6 na dakika 4. Dogo atanitambua.


Mwanamke wa Pwani

Naomba niongeze la upande wetu maana naona mwaongea harusi za mchanganyiko tu. Mimi napiga picha Mombasa, kazi yangu kubwa ni kupamba na shughuli za wanawake watupu, humo ndani buibui zimevuliwa, nywele ziko nje, watu wamejipara kwelikweli, na simu zakusanywa mlangoni. Picha hizo hazitakiwi kuonwa na mwanamume hata kwa bahati mbaya. Sasa ukiangalia hizo njia zenu nyingi, kutupia mawinguni, kumpa kijana akuchambulie, kutuma vionjo kwenye grupu la kamati mteja achague, kwetu hazifai hata kidogo.

Kwahiyo mimi mpangilio wangu umejengwa hapo. Diski ya kazi za kupamba ni ya peke yake na imefungwa kwa nywila, ukiiokota huifungui. Katalogi yake iko ndani ya diski hiyo hiyo, wala haimo kwenye laptopi, kwa sababu katalogi huweka vionjo vya picha zote, waweza kufuta RAW ukadhani umemaliza kumbe nyuso za watu zimebaki kwenye folda ya previuu. Hilo watu hawalijui kabisa. Lightroom yangu kusawazisha na mtandao nimezima. Kuchambua nachambua mwenyewe, kwenye skrini isiyotazama mlango. Mteja namwalika aje na mamake au dadake tukae tuchague, chai na mahamri, saa mbili tumemaliza, na kwa kweli yaharakisha kazi kuliko kutumiana vionjo wiki nzima. Nakabidhi kwa flashi diski, mkono kwa mkono, na tumeandikiana siku ambayo nitafuta kila kitu. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 yatubana pia, lakini hata isingekuwepo, jina la mpiga picha wa kike mjini humu likiharibika mara moja tu limekwisha.

La pili ni hina. Kila mtu anyanyua mwanga wa uso na kumpakaza bibi harusi mpaka hina mkononi inakuwa rangi ya machungwa iliyopauka. Mimi picha mama yangu siku ya kupamba huwa ni ya mkono, sio ya uso. Hina ikikaa sawa, uso nao hukaa.


mzee_wa_shata

Dada umenifundisha kitu, hiyo ya folda ya previuu kubaki na nyuso hata sikuwa naifikiria kwa namna hiyo. Na ya kuchagua pamoja na mteja ana kwa ana ningependa wengi waijaribu, hasa kwa picha za albamu.


nuru_ya_jioni

Mada ya ngozi imeguswa ngoja niongezee, maana huko mtaani kuna janga. Priseti (mipangilio ya kuediti iliyoandaliwa tayari) za kununua za Wazungu. Nyingi zimetengenezwa kwenye ngozi nyeupe, zinavuta rangi ya chungwa na kuipandisha mwanga ili ngozi ing'ae, sasa kwetu sisi kahawia ya ngozi inaishi kwenye hiyo hiyo chungwa na nyekundu. Unaimwaga kwa picha 400 kwa kubonyeza mara moja, umeokoa muda kweli, ila familia nzima imekuwa rangi ya majivu. Halafu unakaa kuzirekebisha moja moja. Kama unatumia priseti tengeneza yako kutoka kwenye picha zako, tatu au nne zinatosha, moja ya nje, moja ya ndani dirishani, moja ya flashi ukumbini.

Na zile taa za LED za zambarau za kumbi zetu, msihangaike na slaida ya joto la rangi, haitaokoa kitu. Taa ile inatoa rangi chache tu, nyingine hazimo kwenye faili kabisa kwahiyo hakuna cha kurudisha. Nenda HSL (slaida za kurekebisha kila rangi peke yake) punguza ukali wa zambarau na bluu, ukiona bado uso umekaa kama wa mgonjwa geuza nyeusi na nyeupe uendelee na maisha. Au piga flashi siku ile ile. Mkiona DJ ana leza, ikielekea kwenu geuzeni kamera, leza inaunguza sensa, na sensa haina HSL.


jirani wa Mikocheni

Nyie bado mnachambua kwa macho mwaka huu? Akili mnemba ipo wakuu, Aftershoot, Narrative Select, unaipa folda inakupangia yenyewe, waliofumba macho inatoa, zilizofanana inaziweka pamoja inakuchagulia moja. Unaenda kuoga ukirudi imemaliza.


mzee_wa_shata

Jirani sikatai, zipo na zinafanya kazi, na nzuri yake Aftershoot kuchambua kunafanyika kwenye mashine yako mwenyewe, haimalizi bando. Kwa kukusanya fremu zinazofanana pamoja mimi nazikubali kabisa, hilo peke yake linaokoa muda. Ninapogoma ni kuiachia iamue. Yenyewe inajua macho yamefumba, haijui kwamba pale kanisani ni sala na wote wamefumba macho kwa sababu wanasali, au ni dua baada ya ndoa kufungwa. Haijui kwamba yule mama anayecheka mpaka macho yamepotea ndo picha ambayo familia itaigombania. Na fokasi, baba mzazi anamkumbatia binti yake siku ya sendoff, shata ilikuwa ya chini, picha imetikisika kidogo, mashine inaitoa. Mimi naiacha, na mara nyingi hiyo ndo inaenda ukutani sebuleni.

Kwahiyo itumieni kama msaidizi, ipange, halafu pitieni na zile ilizozikataa kwa haraka, dakika kumi tu.


kijana_wa_lenzi

Mkuu swali, mimi laptopi yangu SSD ina GB 256 tu, harusi mbili imejaa. Diski ya nje nina ile ya kuzunguka ya TB 2, nikieditia humo inakwama sana. Nifanyeje na hela ya SSD kubwa sina kwa sasa?


mzee_wa_shata

Smart Previews. RAW ziache kwenye diski ya nje, wakati wa kuingiza weka tiki kwenye "Build Smart Previews", Lightroom inatengeneza nakala nyepesi za pikseli 2560 upande mrefu na kuziweka pamoja na katalogi kwenye SSD yako. Halafu kwenye Preferences, Performance, kuna sehemu ya kuiambia itumie hizo badala ya faili halisi wakati wa kuediti. Hapo diski ya nje unaweza hata kuichomoa, ukaenda kukaa kibarazani ukaediti, ukirudi unaichomeka ndo unaeksipoti kwa ukubwa kamili. Kitu kimoja tu, kuangalia fokasi na kelele za ISO (chengachenga za picha za gizani) usitumie smart previuu, kwa ukubwa huo vinadanganya, hiyo umalize wakati wa kuchambua.

Na ile denoise ya AI (ya kuondoa hizo kelele) Lightroom waliyoileta Aprili 2023, tamu sana kwa picha za ukumbini ISO 6400 huko, ila bila kadi ya michoro ya kueleweka picha moja inaweza kukukalisha dakika kadhaa. Chagua za albamu tu uziache zijifanye usiku, tena umeme uwe wa uhakika.


mtu_wa_Morogoro

Umeme umeutaja ngoja niseme. Ukiwa unatumia kompyuta ya mezani UPS sio anasa. Umeme ukikatika Lightroom iko katikati ya kuandika katalogi, ukirudi inakuambia katalogi imeharibika inajaribu kuitengeneza, na wewe moyo uko mkononi. Pia ile bakapu ya katalogi inayokuuliza ukiifunga programu, watu wanabonyeza "Skip" kila siku. Iacheni ifanye, na iseti iweke kwenye diski nyingine, maana bakapu iliyo kwenye diski ile ile ikifa zimekufa zote.


mchele_wa_kyela

Na kadi ikifutwa kwa bahati mbaya kabla hujashusha, usipige hata picha moja nyingine juu yake. Itoe, tumia PhotoRec, bure, inarudisha RAW nyingi tu kama hujaandika kitu juu. Majina ya faili yanapotea ila picha zinarudi.


Bwana Kamera

Haya mmenishawishi nusu, nitaanza kupiga RAW na JPEG pamoja. Sasa niambieni hili, mteja akisikia una RAW anazitaka zote, na zile ulizozitoa pia, "si tumekulipa". Mnawajibuje?


nuru_ya_jioni

Mimi siwapi. Unga haujawa ugali bado.


jirani wa Mikocheni

Mimi nauza kwa bei yake, ipo kwenye mkataba. Anayezitaka kweli atalipa, wengi wakisikia bei wanasema basi tuletee tu zile zilizokamilika.


Mwanamke wa Pwani

Kwangu mimi ni kinyume, kuna wateja wanataka wapewe RAW zote na mimi nisibaki na hata moja, na hao nawapa. Siku ya kufuta wakaa pale pale waniangalie nikifuta, halafu wanaulizia na folda ya previuu, wameshajifunza.


mzee_wa_shata

Jirani na dada wote sawa, muhimu liandikwe kabla hujapokea advansi. Bwana Kamera RAW na JPEG pamoja inajaza kadi haraka, kwahiyo jiandae na kadi ya ziada. Na ukishusha, Lightroom ina sehemu ya kuamua JPEG zihesabiwe kama picha zinazojitegemea au zifuatane na RAW zake, iko Preferences, General. Iseti kabla hujaingiza, la sivyo utakuwa na mambo mawili ya kuchambua badala ya moja.